Neno la Mwalimu: Mtu maarufu aandike maisha yake wakati gani?



Hapa Kamina vitabu ni haba na bei yake ni ngumu, lakini habari za watu maarufu zinatufikia kila siku kwa redio na kwa simu za watoto wetu. Leo tunasikia mwanamuziki ametoa kitabu cha maisha yake, kesho mchezaji wa mpira naye ametoa chake. Wamama wa kikundi kimoja waliniuliza: mtu anapaswa kuandika maisha yake akiwa na miaka mingapi? Juma hili tujibu swali hilo, maana linatuhusu sisi kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na vijana. Mchezaji wa Uingereza Wayne Rooney alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2006, akiwa na miaka 20. Kitabu cha namna hiyo kinauzwa haraka kwa sababu jina liko moto. Lakini mwenyewe hajaona bado matunda ya aliyoyatenda. Ni kama kusifu bukari wakati maji hayajachemka.

Tusidharau hata hivyo umri mdogo. Malala Yousafzai wa Pakistani alitoa kitabu chake mwaka 2013, akiwa na miaka 16. Mwaka uliotangulia alipigwa risasi kichwani kwa sababu alitetea masomo ya wasichana. Huyu alikuwa na ushuhuda ambao haukuweza kungoja. Basi miaka peke yake si kipimo.

Wengine wanangoja uzee. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye jina lake bado linatajwa huku kwetu mashariki, alieleza maisha yake kwa Kiswahili huko Unguja akiwa amekwisha kuzeeka. Habari zake zilichapwa mwaka 1902 na 1903, naye akafa mwaka 1905. Anasimulia safari zake, vita vyake na pembe zake, hata namna alivyofika katika nchi ya Baluba. Ni kitabu chenye faida kubwa kwa anayetaka kujua mambo ya zamani. Lakini yote tunayaona kwa macho yake. Wanawake waliofungwa kamba na kutembezwa mpaka pwani hawakuandika kitu. Hatujui waliimba nini njiani, wala waliwaacha watoto wangapi. Asiyesema maisha yake anasemewa na mwingine, na mara nyingine anayemsemea ni yule yule aliyemwumiza.

Shaban Robert wa Tanganyika alipata njia nzuri zaidi. Alizaliwa mwaka 1909. Kitabu chake Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, naye ana miaka 40 tu. Baadaye akaongeza sehemu ya pili, juu ya maisha yake baada ya miaka hamsini. Alikufa mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Hesabuni wenyewe: kama angengoja mvi zijae kichwa, tusingepata neno. Yeye aliandika kwa vipande, kila kipande kwa wakati wake.

Ni Shaban Robert huyo huyo aliyeandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Siti alizaliwa katika umaskini, hakujua kusoma wala kuandika, na bado mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za gramafoni. Shaban Robert alimkuta katika siku zake za mwisho na kumwuliza habari zake. Siti akafa mwaka 1950, na kitabu kikatoka nyuma yake. Angechelewa kidogo tu, angekuta matanga. Hapa kuna faraja kwa mama asiyejua kusoma: maisha yake yanaweza kuandikwa, ikiwa mtu atakuja kuuliza mapema.

Sasa turudi Congo. Mwaka 1960 Andrée Blouin, mwanamke aliyezaliwa Oubangui-Chari, yaani Afrika ya Kati ya leo, alizunguka katika nchi yetu akiwakusanya wanawake kwa ajili ya uhuru, kisha akafanya kazi karibu na Patrice Lumumba. Kabla ya hapo alikuwa amempoteza mtoto wake René, wa miaka miwili. Mtoto aliugua malaria, naye akanyimwa kinini kwa sababu dawa hiyo iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Ni maisha yaliyostahili kuandikwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, miaka 23 baada ya uhuru, kwa Kiingereza, kwa msaada wa mwandishi mwingine. Miaka mitatu baadaye Blouin akafa. Alisema kabla ya kufa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wangapi kati ya wamama wale waliomfuata mwaka 1960 walikuwa bado hai, na kati yao wangapi walijua Kiingereza?

Nikiyapima yote haya, jibu langu ni hili: wakati unaofaa ni pale hasira imekwisha kupoa na kumbukumbu ingali moto. Ukiandika hasira ikiwa inachemka, unaandika mashitaka. Ukingoja mpaka kumbukumbu imepoa, majina yanapotea, miaka inachanganyika, na wale ambao wangeweza kukuambia "hapana, haikuwa hivyo" wamekwisha kuzikwa.

Wazee wetu Baluba walilijua jambo hili. Walikuwa na lukasa, ubao mdogo uliopigiliwa shanga. Watu wa Mbudye walipitisha vidole juu ya shanga hizo na kueleza habari za wafalme na safari zao. Leo lukasa nyingi ziko katika makumbusho ya ng'ambo, na shanga bado zinang'aa. Lakini aliyejua kuzisoma akifa bila kumfundisha mwingine, zinabaki shanga tu.

Mtasema: mwalimu, hayo ni mambo ya wafalme na watu maarufu. Hapana. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, watu waliokuwa wamefanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu waliandikisha historia ya mji kama walivyoiona wao. Jina linalosimama juu ya maandiko hayo ni la André Yav. Waliyaandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, hiki cha sokoni. Mwaka 1990 yalichapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanahistoria wanayasoma. Watu wale hawakungoja kuwa maarufu.

Na sisi? Mji wetu ni njia panda ya reli. Mwaka 1992 na 1993 treni zilizobeba watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga zilipita hapa. Msichana aliyesimama gari wakati ule leo ni bibi. Aliona nini? Alimpa nani maji? Watoto wake wanajua mabao ya kila mchezaji wa Ulaya, lakini habari hiyo hawaijui.

Basi, wamama, kazi ya juma hili ni ndogo. Nunueni kaye moja na biki moja. Asiyeandika amwite mtoto wa shule aandike. Kila juma swali moja: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina lako na kwa sababu gani, ulikula nini mwaka wa njaa, ulimpoteza nani. Tieni mwaka, na kama mwaka haujulikani, tieni alama: kabla ya ndoa, baada ya mtoto wa pili. Ugomvi na mume au na wakwe ambao haujapoa, uacheni kwanza. Huo utakuja kwa kipande kingine, kama Shaban Robert alivyofanya. Na yaliyo siri ya mtu mwingine, msiyaandike bila ruhusa yake.

Vikundi vya likelemba vinaweza kusaidia. Siku ya kukusanya franka, mama anayepokea zamu asimulie kipande kimoja cha maisha yake, na mmoja aandike. Zamu ikizunguka mpaka mwisho, kikundi kina kitabu.

Anzeni na mama aliye mzee kuliko wote katika kikundi. Msingoje mwezi ujao.

Mwalimu wenu