Safari za raha kwa gari katika milima ya Alps: barabara ni ya nani?

Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, maelfu ya watu barani Ulaya huwasha magari na pikipiki zao bila kuwa na mzigo wa kupeleka wala mgonjwa wa kuwahisha. Wanakwenda milimani kuendesha tu. Hupanda kona baada ya kona, hulala katika nyumba ndogo za wageni, na baada ya siku tatu au nne hurudi nyumbani.

Kwa mtu ambaye barabara kwake ni njia ya kufika sokoni au zahanati, jambo hili laweza kuonekana la ajabu. Hata hivyo, safari hizi zimegeuka suala la siasa. Serikali za majimbo zinaweka marufuku, nchi jirani zinatishiana mahakama, na wanavijiji wanataka kusikilizwa. Anayepanga safari ya aina hii leo hawezi kutazama ramani peke yake. Lazima ajue pia sheria za kila bonde atakalopita.

Siku nne, nchi nne

Tuchukue mfano wa njia inayopendwa sana. Dereva anaondoka Munich, kusini mwa Ujerumani, na kuingia Austria hadi Zell am See. Kutoka hapo anapanda barabara ya Grossglockner na kushukia Heiligenblut na Lienz. Siku ya pili anaingia Italia, katika milima ya Dolomites, na kupita Cortina na vilele vya Pordoi na Sella mpaka Bolzano. Siku ya tatu anapanda Stelvio, na kutoka huko juu anashuka upande wa Uswisi kwa njia ya Umbrail. Siku ya nne anagusa tena Italia kwa muda mfupi, anavuka Austria kupitia Landeck na Reutte, kisha anarudi Ujerumani.

Safari nzima ni kiasi cha kilomita 900, na mipaka ya nchi inavukwa mara 6. Kwenye ramani, kilomita 900 kwa siku nne ni kidogo. Milimani mambo ni mengine. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni wa kawaida, na kilomita 200 kwa siku zinatosha kumchosha dereva mzoefu.

Barabara hizi hazikujengwa kwa sababu moja. Ile ya Stelvio ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, wakati dola ya Austria ilipotaka kuiunganisha na jimbo lake la Lombardia, ambalo leo ni sehemu ya Italia. Inafika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Prato una kona kali 48. Raha ilikuja baadaye.

Grossglockner ni tofauti. Ujenzi wake ulianza mwaka 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, nao uliwapa ajira watu wengi waliokuwa wamekosa kazi. Ilifunguliwa Agosti 1935 ikiwa na urefu wa kilomita 48 na kona kali 36. Tangu mwanzo ililengwa watalii, na tangu mwanzo ilikuwa ya kulipia. Leo gari dogo hulipa zaidi ya euro 40 kwa siku moja, na fedha hizo hutunza barabara na kuondoa theluji kila majira ya kuchipua.

Mpaka umerudi, ingawa si kama zamani

Safari kama hii inawezekana kwa sababu ya makubaliano yaliyotiwa saini Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg. Leo eneo la Schengen lina nchi 29. Uswisi imo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Ndani ya eneo hilo, mtu anatakiwa kuweza kuvuka mpaka kama anavyovuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inaruhusu nchi kurudisha ukaguzi kwa muda. Ujerumani ilianza kukagua mpaka wake na Austria mwaka 2015, na Septemba 16, 2024, ikapanua ukaguzi huo hadi mipaka yake yote ya nchi kavu, ikitaja uhamiaji usiofuata sheria na usalama. Kwa dereva wa safari ya raha, maana yake ni foleni kwenye barabara kuu za kuingia Ujerumani, hasa Jumapili jioni wakati kila mtu anarudi nyumbani.

Hili linawagusa pia Waafrika Mashariki wanaoishi Ujerumani au nchi jirani. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya mwenye kibali cha ukaazi anaruhusiwa kuzitembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini lazima abebe pasi na kibali chenyewe. Nakala iliyo kwenye simu haitoshi. Leseni nayo ina masharti. Leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya hutumika Ujerumani kwa miezi 6 tu tangu mtu aanze kuishi huko, na mara nyingi huhitaji tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Kwa aliyejifunza Kenya, Tanzania au Uganda kuna jambo jingine: nchi zote nne za njia hii zinaendesha upande wa kulia, na kosa la kusahau hilo huja asubuhi, barabara ikiwa tupu.

Kelele zinazopanda bondeni

Ubishi mkali zaidi, hata hivyo, unatoka vijijini. Bonde jembamba hufanya kazi kama ngoma: mlio wa pikipiki moja hugonga mlima mmoja na kurudi mwingine. Siku ya jua, pikipiki huanza kupita asubuhi na huacha jioni. Mgeni hupita mara moja na kuondoka. Mwenyeji anabaki hapo Jumapili nzima, na Jumapili inayofuata.

Jimbo la Tyrol nchini Austria lilichukua hatua Juni 2020. Katika wilaya ya Reutte, ambako njia yetu inapita siku ya mwisho, pikipiki ambayo hati zake zinaonyesha kelele ya zaidi ya desibeli 95 ikiwa imesimama hairuhusiwi kupita barabara kadhaa katika miezi ya kiangazi. Anayekiuka hutozwa faini ya euro 220. Magari hayakuguswa na marufuku hayo.

Waendesha pikipiki walilalamika, na hoja yao ina uzito. Pikipiki zinazozuiwa ziliidhinishwa kisheria na kusajiliwa kihalali, na kipimo cha chombo kikiwa kimesimama hakionyeshi daima kelele yake kikiwa barabarani. Wakazi nao wanajibu kwamba hawawezi kusubiri viwanda vibadilishe injini huku wao wakikosa usingizi.

Nchini Ujerumani mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mei 2020, Bundesrat, baraza linalowakilisha majimbo, lilitaka kuwe na uwezekano wa kuzuia pikipiki Jumapili na sikukuu katika maeneo yenye kelele nyingi. Maelfu ya waendesha pikipiki waliandamana kiangazi hicho, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Andreas Scheuer, akalikataa pendekezo hilo. Pande mbili za mpaka mmoja, malalamiko yale yale, majibu tofauti.

Nani analipa?

Swali la pili ni fedha. Uswisi inadai stika ya mwaka mzima kwa faranga 40 kwa anayetumia barabara zake kuu, na haina ya muda mfupi. Austria inauza stika kuanzia ya siku moja. Italia hutoza barabara zake kuu nyingi kwa umbali. Ujerumani haitozi magari madogo chochote.

Ujerumani ilijaribu. Ilipanga kutoza kila gari, kisha kuwarudishia wenye magari yaliyosajiliwa nchini humo fedha hizo kwa kuwapunguzia kodi ya gari. Austria ilikwenda mahakamani, na Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mpango huo unawabagua raia wa nchi nyingine. Kanuni iliyobaki ni rahisi: unaweza kumtoza mgeni, lakini si mgeni peke yake.

Stika hizo, hata hivyo, ni za barabara kuu. Barabara ndogo za milimani mara nyingi hazina tozo, na anayepanga safari ya raha huzitafuta hizo hasa. Matokeo yake, kijiji kinapata moshi, kelele na foleni, lakini hakipati kitu kama mgeni hakusimama. Aliyelala hapo usiku mmoja, akala na kununua jibini, ameacha fedha. Aliyepita mbio ameacha vumbi.

Ndiyo maana baadhi ya maeneo yameanza kupima idadi ya wageni badala ya kuwaalika wote. Katika kiangazi cha 2017, barabara ya Sella ilifungwa kwa magari baadhi ya saa za mchana kila Jumatano ya Julai na Agosti. Katika ziwa la Braies, pia katika Dolomites, anayetaka kufika kwa gari katika wiki za msongamano mkubwa lazima aweke nafasi mapema kwa intaneti. Kila mwaka kuna pia siku maalumu ambapo Stelvio na njia za Sella huachiwa waendesha baiskeli.

Mlima nao una neno lake

Baadhi ya barabara hizi hufungwa majira ya baridi. Kwa kawaida Grossglockner hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na Stelvio mwishoni mwa Mei au Juni. Theluji inaweza kuanguka hata Agosti, na mvua kubwa huleta matope na mawe. Juni 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya A13 karibu na Mesocco, Uswisi, na ukarabati ulichukua wiki mbili. Magari yote yalielekezwa njia nyingine, ambazo tayari zilikuwa zimejaa.

Kwa hiyo mpango mzuri huwa na njia ya pili. Wazoefu hupanda asubuhi na mapema kabla ya mabasi ya watalii na kabla ya radi za alasiri. Wakishuka hutumia gia ndogo, kwani breki zinazokanyagwa mteremko mzima hupata moto na kushindwa kushika. Katika barabara za milimani za Uswisi, basi la abiria la posta ndilo linaloamua nani arudi nyuma. Anayekodi gari huuliza kwanza kama mkataba unaruhusu kuvuka mipaka yote sita. Na anayependa mwendo kasi akumbuke kwamba tangu Machi 2024 Austria inaweza kulinyang'anya gari la aliyezidisha mwendo kupita kiasi na kulipiga mnada.

Raha yenye mipaka

Je, safari hizi zipigwe marufuku? Marufuku ya jumla yangewaumiza hata wanavijiji wenyewe, kwa sababu hoteli, migahawa na vituo vya mafuta vya milimani vinategemea wageni wa miezi michache. Kuziacha bila kanuni kumeonyesha matokeo yake: foleni juu ya mlima, na wenyeji waliochoka.

Mfano wa Grossglockner unaonyesha njia ya kati. Mgeni anajua bei kabla ya kufika, geti hufungwa usiku, na fedha yake inaitunza barabara anayoifurahia. Si kila kijiji kinaweza kuweka geti, kwani barabara nyingi ni njia pekee ya mwenyeji kwenda kazini na ya mtoto kwenda shule. Lakini kanuni inaweza kuigwa: saa zijulikane, kelele ipimwe, na sehemu ya faida ibaki bondeni.

Kwa anayepanga safari, hilo linamaanisha kupunguza kidogo. Vilele viwili kwa siku badala ya vitano, na usiku mmoja katika kijiji ambacho angekipita tu. Kona zitakuwa zile zile, na wenyeji watakuwa na sababu ya kumkaribisha tena.