MSHAHARA WETU NA GHALA LA NYUMBANI



Kila mwisho wa mwezi, akiisha kupokea mshahara, mtu wa Reli hutoa simu yake na kupeleka fedha nyumbani. Hili ni jambo jema, wala hatuandiki kulilaumu. Twauliza neno moja tu: fedha hizo hununua nini, na hununua mwezi gani?

Mwandishi wa maneno haya ni mtu wa Zombe, mashariki ya Kitui. Reli haifiki kwetu. Mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Ile ya Machi huja ikitaka, na mara nyingi haitaki. Kwa hiyo mavuno yetu ya kweli ni ya Januari na Februari, ndengu kwanza, kisha kunde, mtama na mahindi. Na Januari ndio mwezi wa ada ya shule. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Mwaka mmoja mama yangu alivuna vizuri. Mimi nilikuwa nimemaliza fedha yote wakati wa Krismasi, kama wengi wetu tufanyavyo, na nakiri. Mdogo wangu akarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Mama akamwita mchuuzi mwenye lori, akamuuzia ndengu zote na sehemu kubwa ya mahindi, kwa bei aliyoitaja mchuuzi mwenyewe. Septemba akanipigia simu kwamba ghala ni tupu. Nikapeleka fedha, naye akanunua mahindi dukani kwa gorogoro. Tulipopiga hesabu, kila debe lililorudi lilikuwa limekula bei ya madebe matatu yaliyotoka. Nilidhani namsaidia mama, kumbe nilikuwa namsaidia mchuuzi.

Sisi katika Chama twapigania mshahara kwa shilingi. Lakini nyumbani mshahara hupimwa kwa debe, na shilingi ile ile hununua debe dogo Oktoba kuliko Februari. Nyongeza tuliyoipata kwa jasho kubwa mezani na waajiri yaweza kuliwa yote na miezi minne ya kununua chakula kwa gorogoro.

Wazee wa Ukambani huita kila njaa kwa jina lake. Njaa ya Ngomanisye ilikuwako mwishoni mwa karne ya 19, wakati ule ule reli ilipokuwa ikipita katika nchi yetu kwenda Nairobi, ikafika huko mwaka 1899. Ile ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake, nitakufa nami nimeshika fedha mkononi. Mvua ilikosekana, na watu waliokuwa na watoto wao kazini Nairobi na Mombasa waliletewa fedha, lakini hapakuwa na kitu cha kununua mpaka Serikali ilipoleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Huko Bengal mwaka 1943 mambo yalikuwa kinyume. Mchele ulikuwako sokoni, lakini bei ilipanda hata vibarua wasiweze kuununua, na watu kwa mamilioni wakafa. Basi fedha bila chakula ni hatari, na chakula bila fedha ni hatari. Mtu wa Reli ana bahati ya kuwa na vyote viwili, shamba na mshahara, lakini huviacha vikipishana kama magari mawili usiku.

Tena kuweka nafaka si kuimwaga ndani ya nyumba na kufunga mlango. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka ule watu 317 waliugua katika sehemu zetu za mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Wengi walikuwa wamevuna kabla ya wakati wakiogopa njaa na wezi, wakayaweka mahindi ndani yakiwa na unyevu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hata unyevu usizidi asilimia 13 na nusu. Asiye na kipimo atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise vizuri, kisha aache kitambo. Chumvi ikishika ubavuni, mahindi hayajakauka. Yakisha kukauka, yatiwe katika magunia yasiyopitisha hewa, na fukusi na dumuzi watakufa humo bila dawa. Bei ya magunia hayo ni ndogo kuliko nauli ya mtu kwenda nyumbani kwenye matanga.

Wako watakaosema kwamba chakula ni kazi ya Serikali. Kweli, na hatuisamehe. Barabara, mabwawa ya mchanga na ghala za umma ni wajibu wake, nasi tutaendelea kudai. Lakini ada ya Januari haingoji.

Kwa hiyo twaleta hoja mbele ya mkutano wa tawi. Chama chetu cha akiba na mikopo kitoe mikopo ya ada wiki ya kwanza ya Desemba, si Januari, na fedha hiyo iende moja kwa moja shuleni, isipite mikononi mwetu wakati wa sikukuu. (Mnajua sababu.) Tena mwanachama atakaye aruhusiwe kukopa Februari fedha ya turubai na magunia, ailipe kidogo kidogo mpaka Septemba. Mweka hazina amesema jambo hili litapunguza fedha ya mikopo mingine, na hilo ni kweli. Wanaopinga waje na hesabu zao tuzitazame. Ndugu wa magenge ya njia wasioweza kuacha zamu waandike maoni yao kwenye karatasi, wampe mjumbe wao kabla ya siku ya mkutano.