Vyombo vya anayevuka mpaka

Jamaa nyingi za Uvira zinapovuka Kavimvira kwenda Burundi, zinafungia vyombo ndani ya chumba kimoja na kuendelea kulipa. Mimi naona ni hasara. Chumba cha dola 10 kwa mwezi, mwaka mzima ni dola 120. Kitanda, meza na viti vya plastiki havifiki feza hiyo, na godoro linaliwa na panya.

Dada yangu alilipa miezi minane akiwa ng'ambo ya Ruzizi. Mwezi wa tisa feza ilikosa, mwenye nyumba akauza vyote, hata mashini ya kushona iliyokuwa inalisha watoto. Alipopiga simu akaulizwa: karatasi ya makubaliano iko wapi? Hakuna.

Basi wandugu, uzeni vile vikubwa mkiwa bado hapa, hata kwa bei ya chini. Mashini msiuze. Mpeni jirani anayejua kushona, aitumie na kuilinda, msimlipe wala asiwalipe. Andikeni orodha, asaini yeye, asaini na shefu wa avenyu, kila mmoja abaki na nakala. Muipige na picha kwa simu. Ila diploma na karatasi za parsela msimwachie mtu, hata mchungaji.