Ridhaa ya Hadharani

Ningependa lisisitizwe jambo hili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Kijijini kwetu Igalula, ambako mkulima wa tumbaku, mfugaji na mrina asali aliyetundika mizinga yake kwenye miyombo wote wanautegemea msitu ule ule, ridhaa hiyo ya hadharani ni haki ya lazima. Lakini mkutano ukiitishwa asubuhi ya msimu wa kupalilia, ilhali kina mama wamo mashambani, ridhaa inayoandikwa katika muhtasari ni ya wachache tu. Naomba kwa taadhima mkutano uitishwe alasiri, na ramani ya matumizi ya ardhi ibandikwe mapema kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.