Nyayo Zetu Mtandaoni



Askari wa wanyamapori wa Mikumi hahitaji kumwona tembo ili ajue kwamba amepita. Nyayo humwambia ukubwa wake na alikoelekea. Sisi nasi, tukiwa Kilosa au Mikumi na simu mkononi, twaacha nyayo kila tufunguapo tovuti, na wengi wetu hatuna habari.

Kivinjari, yaani programu tuitumiayo kusomea tovuti, hutanguliza salamu kabla ya ukurasa kufunguka. Humo hutaja jina lake, toleo lake na mfumo unaoendesha simu. Nia yake ilikuwa njema: tovuti imjue mgeni, imwandalie ukurasa unaomfaa. Ajabu ni kwamba hadi leo vivinjari karibu vyote hujiita "Mozilla", jina la ndani la Netscape ya miaka ya 1990, kwa kuwa wenye jina hilo ndio waliopewa kurasa nzuri zaidi.

Salamu hiyo peke yake haimfichui mtu. Ikiunganishwa na ukubwa wa kioo, saa za eneo na aina za herufi, huwa kama alama ya kidole. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilipima vivinjari zaidi ya 470,000, likakuta asilimia 83.6 havifanani na kingine chochote. Anayefuta historia ya simu yake amefagia ua wake tu. Nyayo alizoziacha kwa jirani zingalipo.

Mwaka 2023 Chrome ilianza kuficha modeli ya simu za Android katika salamu hiyo. Ni hatua njema, lakini haitoshi.

Kwa maoni yetu, ubaya hauko katika kuacha nyayo, bali katika kufuatwa bila kuambiwa. Mgonjwa asomaye habari za maradhi yake, au binti aliyedhulumiwa atafutaye msaada, anastahili kujua ni nani amwangaliaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka mtu aelezwe sababu ya kukusanywa kwa taarifa zake. Basi, shule, zahanati na vikundi vyetu vyenye tovuti vianze: viseme wazi vinakusanya nini, na visivyohitaji visikusanye. Tukishazoea kuelezwa nyumbani, tutathubutu kuwauliza na wakubwa.