Kijana, Kundi na Bangi katika Mialo ya Mwanza

Imezoeleka kudaiwa kwamba kijana wa Mwanza huanza kuvuta bangi kutokana na "makundi mabaya". Dai hili ni nusu ya ukweli. Katika mialo kama ya Kirumba na Igombe, kundi ndilo linalompa mvulana aliyeacha shule kibarua, chakula na mahali pa kulala. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi inapopevuka mitumbwi huegeshwa, na wavuvi hukaa siku kadhaa bila kazi. Katika siku hizo msokoto huzungushwa. Kwa mvulana huyo, kuukataa ni kujitenga na wanaomlisha.

Mwaka 1953 mwanasosholojia wa Kimarekani, Howard Becker, alionyesha kwamba mvutaji hufundishwa na wenzake namna ya kuvuta, kuyatambua matokeo yake na kuyafurahia. Hoja hiyo yafaa hapa, ingawa Becker hakuwa akizungumzia watoto wenye njaa.

Lugha nayo haikosi lawama. Nomino "mvuta bangi" hugeuza tendo kuwa tabia ya kudumu: aliyejaribu mara moja na aliyezoea huitwa jina lilelile. Mzazi au mwalimu akishamwita hivyo, aghalabu mtoto hurudi mwaloni, ambako jina hilo halimwaibishi. Wanaowasihi wazazi wawe wakali zaidi wangefaa kuanza kwa kuulizia idadi ya watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kosa la mara moja.