Mgongo wa mpagazi si lori

Ndugu wana koperative wa Masisi na Walikale,

Kila msimu tunahesabu magunia, bei na barabara mbovu. Mgongo unaobeba gunia hatuuhesabu. Sisi tunaona wakati umefika tuuhesabu.

Njia ya Bisie mnaijua: miaka mingi wapagazi walitoa kasiterite porini mpaka Njingala, kilo 50 mgongoni. Mashambani ni vile vile. Viazi na maharagwe ya Masisi, mafuta ya mawese ya Walikale, pale gari haifiki, ni mama na vijana wanabeba.

Misuli ikilazimishwa kupita nguvu yake, kwenye joto, bila maji, inaweza kuvunjika. Uchafu wake unaingia katika damu na kuharibu mafigo. Dalili ni maumivu makali ya misuli, kuregea, na mkojo wa rangi ya chai nzito. Huo si uchovu tu. Lutuku na homa kali vinaongeza hatari. Hata mtu aliyefukiwa na udongo mgodini, ama aliyepigwa sana, anaweza kuipata. Waganga wa London waliieleza mwaka 1941, kwa watu waliobanwa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu.

Wengine watasema: «Tunalipa kwa kilo, yeye mwenyewe anataka kubeba mingi.» Ni kweli, franka inatafutwa. Lakini ni sisi tunapanga bei, na bei ya kilo ndiyo inamsukuma aongeze mzigo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwanaume mzima asipitishe kilo 55, na mwanamke abebe kidogo zaidi sana.

Basi koperative zikate hivi: gunia lisipite kilo 50, na la mama liwe dogo zaidi, malipo yawe kwa safari, maji na mapumziko yawe njiani, chukudu itumike pale njia inaruhusu.

Na mwenye mkojo mweusi asibaki nyumbani akimeza diklofenaki au ibuprofeni, juu dawa hizo zinaweza kuumiza mafigo zaidi. Iwe ni misuli, iwe ni malaria, anywe maji na afike kituo cha afya siku ile ile. Seramu ikiwekwa mapema inaokoa mafigo. Mashine ya kusafisha damu iko mbali na vijiji vyetu.

Jambo hili liingie katika mkutano mkuu ujao, kabla ya bei ya mavuno.